Mjakazi

Bibi yangu mzaa baba, aliyezaliwa na kuzikwa Ujiji, hakuruhusu neno mjakazi litamkwe nyumbani kwake. Mtoto aliyelitamka alitolewa nje akakae chini ya mwembe mpaka aitwe, mvua inyeshe isinyeshe, wala hakuelezwa sababu. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipofahamu kwamba katika mji ule, ambao misafara ya pwani iliufanya kituo chake kikuu ziwani katika karne ya 19, nyumba nyingi zina mtu katika nasaba yao aliyefika pale kwa miguu yake lakini si kwa hiari yake. Na kwamba kwetu sisi mtu huyo alikuwa mwanamke. Basi neno lile likakaa ndani yangu kama mwiba uliokatikia nyamani. Hauonekani, lakini ukiguswa mtu hushtuka.

Naanza na bibi kwa sababu kosa ninalotaka kulieleza lina asili yake katika kushtuka huko, ijapokuwa si yeye aliyelitenda. Nimelitenda mimi, Kigoma, mwaka 2023, mezani, nikiwa nimekwisha kula kiapo.

Mimi ni mtu wa mashairi na tafsiri, na vyote viwili nilijifunza bila ya darasa. Kazi ya ukalimani si yangu; nimeifanya mara chache, kwa kuombwa. Lakini mwaka ule, kuanzia mwezi Machi, maelfu ya watu walivuka kutoka Kongo kuingia mkoa wa Kigoma na kupelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, na wakalimani wazoefu wakawa hawapati hata nafasi ya kupumua. Wakati huohuo walikuwapo maofisa wageni waliokuja kuwahoji wakimbizi waliotangulia, kwa niaba ya nchi moja ya mbali ambayo huchukua wachache miongoni mwao. Walihitaji mkalimani mwanamke, kwa sababu mhojiwa alikuwa mwanamke na maelezo yake yalihusu mambo ya wanawake. Nikaitwa. Nikafurahi kuitwa, hilo nalikiri.

Msomaji ambaye hajawahi kuingia katika chumba kama kile huenda akadhani kwamba pale mtu hueleza msiba wake, akahurumiwa, akapewa hifadhi. Sivyo. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ambao ndio mama wa sheria zote za namna hii, hauulizi umepata taabu kiasi gani. Unauliza taabu hiyo ilikupata kwa sababu gani. Na sababu zinazokubaliwa ni tano: mbari, dini, uraia, kuwa mmoja wa kundi fulani la jamii, na rai ya kisiasa. Mtu aliyepoteza kila kitu kwa sababu isiyokuwamo katika hizo tano anaweza kutoka chumbani na huzuni yake kamili na mikono mitupu. Jinsia haimo. Waliouandika mkataba walikuwa wamemfikiria mwanamume aliyevuka mpaka na karatasi za chama mfukoni, na mke wake akiwa nyuma yake, kama mzigo wa pili.

Imechukua miaka mingi kuliziba pengo hilo, na bado halijazibika. Kanada ilitoa mwongozo wake juu ya wanawake waombao hifadhi mwaka 1993. Uingereza, mwaka 1999, majaji wa Baraza la Malodi waliamua kwamba wanawake wawili wa Pakistani, waliofukuzwa na waume zao na kusingiziwa zinaa, wahesabiwe kuwa ni wa kundi fulani la jamii, maana sheria na desturi za nchi yao ziliwaacha wanawake bila ya mlinzi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likatoa mwongozo juu ya jinsia mwaka 2002, na mwaka 2004 likatoa mwingine juu ya dini. Huu wa dini nimeusoma zaidi ya mara moja, maana ni maandishi yenye busara kuliko nilivyotarajia kwa karatasi za ofisini. Unasema kwamba dini yaweza kuwa imani, yaweza kuwa utambulisho wa mtu, yaweza kuwa namna yake ya kuishi. Na unatahadharisha kwamba kumtahini mtu maswali ya dini yake kana kwamba yuko madrasa si lazima kukufikishe kwenye ukweli, hasa akiwa ni mwanamke ambaye kwao hakuruhusiwa kuketi walipoketi wenye kusoma.

Afrika tunao mkataba wetu wa mwaka 1969, uliotiwa saini Addis Ababa, ambao ni mpana zaidi, kwani humtambua pia aliyekimbia vita na vurugu zilizoivuruga nchi. Ndiyo maana Mei 2015, Warundi walipojazana kwa makumi ya maelfu katika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikawaingia, na meli kuukuu ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma, hakuna aliyewauliza mmoja mmoja ni ipi katika zile sababu tano iliyowatoa kwao. Walipokewa kwa jumla, na utaratibu huo uliendelea hadi Januari 2017 ulipofutwa. Mtu wa umati huokolewa na umati. Mashaka humkuta yule aliyevuka ziwa peke yake, akimkimbia shemeji yake, jirani yake na kanisa lake.

Na huyo ndiye aliyeketi mbele yangu.

Jina lake sitalitaja, wala kijiji chake. Ameniruhusu nieleze mengine. Alikuwa mjane wa makamo, mkulima, kutoka vilima vya Kivu ya Kusini. Aliteremka hadi Uvira, akapanda mtumbwi wa mashine usiku mwishoni mwa mwaka 2021, akashukia upande wetu. Fomu yake ilisema: lugha, Kiswahili. Na mimi nilipoulizwa kama nakijua Kiswahili cha Kongo nilijibu kwa kujiamini kwamba nimezaliwa Ujiji, na sauti za Kongo nimezisikia sokoni tangu sijajua kutembea. Nilijua kwamba kwao bibi ni mke, na bwana ni mume. Nilijua kwamba mtu akisema fulani alimla mumewe, anasema alimuua kwa uchawi. Nilijiona nimekamilika.

Ofisa alikuwa kijana mpole, asiyejua neno la Kiswahili zaidi ya asante. Aliniapisha: nisiongeze, nisipunguze. Kisha akamwomba aeleze ni nani aliyemdhuru na kwa nini.

Akasema, taratibu, macho yake yakiwa kwenye meza: “Mujakazi alinitaja mbele ya batu yote, mu chumba. Alisema miye niko mulozi, miye nilikula bwana yangu.”

Hapo ndipo nilipoguswa pale palipo na mwiba. Mjakazi! Katika kamusi na katika tenzi zetu, mjakazi ni mtumwa wa kike. Nikajiambia: haiwezekani, huyu mama hana mtumwa, mwaka ni 2021. Bila shaka anamkusudia msichana wa kazi, na amelitumia neno la zamani kwa ukali au kwa ushamba. Nikaona haya kwa niaba yake. Nikamtafutia Kiingereza cha staha, nikasema: mtumishi wa nyumbani alimshutumu, chumbani, mbele ya watu, kwamba ni mchawi na kwamba amemuua mumewe.

Muda wa kufikiri yote hayo haukuzidi pumzi moja. Wakalimani wanajua. Ofisa akaandika.

Akauliza: huyo mtumishi alikuwa akiishi nyumbani kwako? Nikauliza kwa Kiswahili changu safi, nikalirudisha neno lake kama alivyolitoa. Akajibu hapana, anakaa kwake, na watu wanakwenda huko kwake. Ofisa akainua kichwa. Akauliza kama alikuwa akimlipa. Akasema ndiyo, familia ya marehemu ilimpelekea mbuzi mmoja. Ofisa akarudia: mbuzi, kwa mtumishi? Nikafasiri. Yule mama akanitazama mimi, si yeye, kwa macho ya mtu anayesikia jina lake likiitwa vibaya kwa mbali. Lakini hakujua Kiingereza, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mtandio wa heshima, ninayeitwa mwalimu. Akaona pengine ndivyo maswali ya wazungu yalivyo. Akajibu: “Ndiyo, mwalimu. Mbuzi moja.”

Kisha akaeleza usiku wenyewe. Vijana walikuja, wakavunja mlango, wakachukua mahindi na bati. “Balinifanya mubaya,” akasema, akanyamaza.

Hakuna mwanamke wa Kiswahili, awe wa Bukavu, awe wa Ujiji, awe wa Mkunazini, asiyejua kilichosemwa pale. Nilijua. Na nililifasiri neno kwa neno: walinitendea vibaya. Sikuongeza, sikupunguza. Ofisa akauliza walimpiga? Akasema walimpiga. Akaandika: alipigwa. Tukaendelea.

Katika ushairi wetu hiyo ni sifa. Tumefunzwa, na tumewafunza wengine, kwamba mtunzi hodari hutaja ua na nyuki na msikilizaji akafahamu. Kwamba lililofunikwa lina utamu, na lililowachwa wazi ni matusi. Nimepata kusifiwa katika kurasa kama hizi kwa tasfida zangu. Sikupata kufikiri kwamba ipo meza ambayo juu yake lililofunikwa huhesabiwa kuwa halipo.

Miezi ikapita. Siku moja simu yangu ikaleta picha ya karatasi ya Kiingereza, na ujumbe wa binti anayeishi nyumba moja na yule mama kambini: Mama mwalimu, tafadhali, tufasirie, hatuelewi. Walinitumia mimi kwa sababu walikuwa na namba yangu, na kwa sababu waliniamini.

Ilikuwa barua ya kukataliwa, fupi. Ilisema maelezo ya mwombaji kuhusu mtu aliyemshutumu hayakubaliani yenyewe kwa yenyewe. Ilisema pia kwamba madhara aliyoyaeleza yanaonekana kutokana na ugomvi wa nyumbani kati yake na mtumishi na familia ya mume, na wizi wa vijana. Hayakuonyeshwa kuwa yalitokana na mojawapo ya zile sababu tano. Nililisoma neno mtumishi mara nyingi. Halikuwa neno lake. Lilikuwa langu, nimelitia mimi, na sasa limerudi likiwa na muhuri.

Asubuhi yake nikaenda Kibirizi, kule zinakotia nanga boti za kwenda Kagunga, Burundi na ng’ambo ya Kongo. Yupo mwanamke wa Kikongo ambaye huleta vitenge na kurudi na bidhaa za Kigoma. Tunafahamiana kwa miaka. Alikuwa ameketi juu ya madumu ya mawese akingoja upepo utulie, maana siku ile ziwa lilikuwa limechafuka na milima ya Kongo haikuonekana kabisa. Nikamuuliza, bila ya kumweleza habari: kwenu, mjakazi ni nani?

Akasema: “Mujakazi? Ni mama wa maombi. Mwenye kuona. Batu banaenda kwake mu chumba, anaomba, halafu anasema nani ni mulozi.” Nikamuuliza tena, na mtumishi wa nyumbani mnamwitaje? Akacheka. “Ule ni boyi, mama! Hata kama ni binti, ni boyi tu.”

Nikaketi juu ya dumu jingine.

Mjakazi wa Bwana. Neno ambalo katika Biblia ya Kiswahili Maryamu anajiita nalo mbele ya malaika, wamelichukua wanawake wa vilima vile na kulifanya cheo. Chumba ni chumba cha maombi. Mbuzi ni sadaka ya utabiri. Kila jibu lililoonekana kujipinga likanyooka palepale, kama uzi uliotolewa fundo. Baadaye nikatafuta, nikakuta kwamba Septemba 2021 shirika la habari la AFP lilikuwa limekwisha kutoa taarifa juu ya hao bajakazi: kwamba katika mwezi ule mmoja, katika wilaya za Kabare, Kalehe na Walungu, wanawake wanane waliotuhumiwa uchawi walichomwa moto au kuuawa na umati. Taarifa ilikuwapo muda wote, kwa yeyote mwenye simu. Mimi nilikuwa nategemea masikio ya Ujiji.

Basi yazingatie madai yake sasa, msomaji, yakiwa yamesimama kwa miguu yake. Mwanamke mjane anatajwa, katika ibada, na mwenye mamlaka ya kiroho, kuwa ni adui wa Mungu. Jamaa wanapata idhini ya mbingu. Vijana wanakuja usiku na kumtenda walivyomtenda, na mtaani anaonekana kila mtu kwamba amestahili. Je, hilo ni jambo la dini, au la jinsia? Mjane na mchawi katika vilima vile ni watu wawili wanaokaa karibu sana, na mwanamume aliyefiwa na mke haulizwi alimla kwa nini. Sioni namna ya kuzitenganisha sababu hizo mbili, wala sidhani kwamba sheria inataka zitenganishwe. Yatosha moja ithibitike. Kwa Kiingereza changu hazikuonekana zote mbili. Ilionekana nyumba yenye msichana wa kazi mwenye mdomo.

Wengine wetu tunapenda kuhesabu ni watu milioni ngapi wanasema Kiswahili, kama tajiri anavyohesabu ng’ombe asiowajua majina. Fomu nayo huandika Kiswahili, neno moja, kana kwamba ni kisima kimoja. Huko Uingereza wapo waliosumbuka kwa jambo lililo kinyume na hili na lililo ndugu yake. Ni Wabajuni, waliotawanywa na vita vya Somalia tangu 1991, kutoka Kismayu, Chula na visiwa vya jirani. Wao ulimi wenyewe uligeuka kuwa ushahidi. Ikawa mtu anarekodiwa sauti, kisha wachunguzi wanasikiliza na kusema huyu ni Mbajuni wa Somalia kweli, au huyu ni mtu wa Kenya anayejisingizia. Derek Nurse, mtaalamu wa lugha aliyekichunguza Kibajuni kwa miaka mingi, ameeleza jinsi lugha ya watu waliokwisha kuhama na kuchanganyika isivyokaa sawasawa ndani ya mipaka. Lahaja iliyo jirani ya lugha ya tenzi tunazozipenda ikawa ni pasi ya kusafiria, na waliokaa Mombasa muda mrefu wakiwa njiani wakaponzwa na maneno ya Mombasa waliyoyaokota.

Sisemi hayo kuwasimanga maofisa. Wengi niliowaona ni watu wanaojitahidi, na kuna madai yanayoshinda akili ya mtu yeyote mwenye fomu mkononi. Si mbali na ziwa letu lilitokea moja. Machi 2013 polisi wa Burundi waliwafyatulia risasi waumini waliokuwa wakienda kusali Businde, mkoani Kayanza, wakimfuata mwanamke aitwaye Eusébie Ngendakumana, maarufu kwa jina la Zebiya, aliyesema kwamba Bikira Maria humtokea. Kanisa Katoliki halikuyakubali maono hayo, na serikali haikuutaka mkusanyiko huo. Wafuasi wakakimbilia Kongo. Septemba 2017, kule Kamanyola, askari wa Kongo wakawapiga risasi wakimbizi wa Kirundi. Wakafa zaidi ya 30, wengi wao wakiwa watu wa kundi hilo. Machi 2018 wakavuka zaidi ya 2,000 kuingia Rwanda, na huko wakakataa kuchukuliwa alama za vidole na kuchanjwa, wakisema imani yao haiwaruhusu. Mwezi uliofuata wengi wakarejea Burundi, kule kule walikokimbia. Imani iliyowafanya wahitaji hifadhi ndiyo iliyowazuia wasiandikishwe. Sijui ningewafasiri vipi hao, na sioni aibu kusema hivyo.

Na wasomaji wa visiwani hawahitaji mtu wa bara kuwaeleza mkimbizi ni nani. Baada ya yale yaliyotokea Januari 2001, zaidi ya Wapemba 2,000 walivuka kwa majahazi na ngalawa hadi Shimoni, na nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ikajikuta imetoa wa kwake. Mmoja wa wanawake hao, niliyekutana naye Unguja miaka mingi baadaye, aliniambia kwamba wanaume waliulizwa juu ya chama na maandamano. Yeye aliulizwa idadi ya watoto. Alikuwa na ya kusema juu ya mlango wake usiku ule. Hakuulizwa, na hakusema.

Kila nikiyawaza haya hunijia kisa tulichosimuliwa utotoni, cha Waislamu wa mwanzo waliokimbilia Habasha, yapata mwaka 615. Makuraishi walituma wajumbe wenye zawadi ili warudishiwe watu wao. Najashi akakataa kuamua kwa kusikia upande mmoja. Akawaita wakimbizi, akawauliza dini yao ni ipi. Jaafar bin Abi Talib akasema, kisha akasoma mwanzo wa Surat Maryam, na mfalme akalia. Nilipokuwa mtoto kilichonivutia ni machozi ya mfalme. Sasa navutwa na mambo mawili mengine. La kwanza, kwamba kisa hiki kimetufikia kwa kinywa cha mwanamke: Umm Salama, aliyekuwamo miongoni mwa waliohama, ndiye aliyekisimulia. La pili, kwamba sura iliyosomwa mbele ya mwamuzi ilikuwa ni habari ya mwanamke anayetuhumiwa na jamaa zake, naye ameweka nadhiri asiseme na mtu, akabaki kuashiria tu. Mkalimani, katika masimulizi niliyoyasikia mimi, hatajwi. Lazima alikuwapo. Mfalme wa Habasha na vijana wa Makka hawakuelewana kwa hewa.

Nilikaa siku tatu kabla ya kufanya neno lolote. Zilikuwa siku za uoga, si za tafakuri. Kukiri kwa maandishi kwamba nimekosea chini ya kiapo kungenifungia mlango wa kazi hiyo, na hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa jina. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana shahada ya kuonyesha. Ana jina la kujua tu, na akilipoteza hana pa kulirudia. Nilijaribu hata kujiambia kwamba huenda angekataliwa vyovyote. Huenda. Lakini angekataliwa kwa maneno yake.

Kulikuwa na nafasi ya kuomba jambo liangaliwe upya, nayo ilikuwa na ukomo wa siku. Nikaandika barua ya kurasa mbili kwa Kiingereza. Nikaeleza mjakazi ni nani kwa Kiswahili cha pwani na ni nani kwa Kiswahili cha Kivu. Chumba ni nini. Mbuzi alikuwa wa nini. Nikaambatanisha taarifa ya mwaka 2021. Nikaandika kwamba kosa ni langu peke yangu, na kwamba mwombaji hakubadilisha neno hata moja. Nilipofika kwenye ule usiku nikaandika kwamba usemi alioutumia una maana nzito zaidi kuliko tafsiri niliyoitoa, na kwamba kila msemaji wa lugha hii angeufahamu kuwa ni shambulio la aibu.

Kabla ya kuituma nikampigia simu, kwa kupitia yule binti, nikamsomea yote, nikiifasiri sentensi baada ya sentensi. Mtandao ulikuwa ukikatika. Alisikiliza kimya. Kwenye mjakazi alisema “eee” ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, na akaniuliza kama ndiyo sababu yule kijana alimuuliza habari za mshahara. Nikasema ndiyo. Nikamwomba radhi. Akasema: “Mama, wewe ulikuwa unajua Kiswahili kingi.” Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinikata.

Nikaendelea kusoma. Nilipofika kwenye maneno ya shambulio la aibu akanikatiza.

“Hapana. Usiandike aibu. Aibu si yangu.”

Nikamuuliza, niandike nini, mama?

“Andika balinibaka. Balikuwa watatu. Andika.”

Nikakata ule mstari, nikaandika. Nikamsomea upya kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Akasema sawa. Barua iliondoka Jumatatu, na mpaka ninapoandika haya tulichonacho ni namba ya kupokelewa, ambayo ameikariri kwa moyo.